Njia za ualimu ni nyingi, kipimo kiwe kimoja

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nyumba nyingi za Kitangari, Newala na Masasi huulizana swali moja: mtoto aende wapi? Kwa wengi jibu la karibu ni ualimu. Chuo kipo hapa hapa Kitangari, na mwalimu ndiye mtumishi wa Serikali anayefahamika katika kila kijiji. Ila anayetaka kuwa mwalimu leo anakuta njia kadhaa, kila moja na muda wake, gharama yake na sifa zake za kuingilia, na kila jirani ana ushauri wake. Mmoja atasema subiri kidato cha sita. Mwingine atasema ingia chuo sasa, muda usikupite. Wa tatu atasema bila digrii usijisumbue.

Maoni yetu ni haya: njia hizo zote zibaki wazi, na zote zipimwe kwa kipimo kimoja. Kipimo chenyewe ni muda ambao mwalimu mtarajiwa amefundisha watoto darasani huku akiangaliwa, akisahihishwa na kuelekezwa na mwalimu aliyeiva. Njia inayopunja muda huo tuikatae, hata ikiwa na jina kubwa. Njia inayouheshimu tuipe nafasi, hata ikiwa inaanzia kijijini.

Kwanza tuziweke njia zenyewe mezani, maana wazazi wengi wanauziwa maneno. Ya kwanza ni ya mhitimu wa kidato cha nne. Kwa miaka mingi huyu alisoma chuoni miaka 2, akapata cheti cha Daraja A na kwenda kufundisha shule ya msingi. Walimu wengi wa msingi tulionao wamepita hapo. Sasa mambo yamebadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, inaelekeza kwamba ngazi ya chini ya mwalimu iwe stashahada. Kwa hiyo kijana wa kidato cha nne anayechagua ualimu anakwenda kusoma miaka 3.

Njia ya pili ni ya mhitimu wa kidato cha sita. Yeye husoma stashahada kwa miaka 2, ya shule ya msingi au ya sekondari, kutegemea masomo aliyofaulu. Ya tatu ni chuo kikuu, miaka 3 ya shahada ya elimu. Vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa, tunavyovijua kwa majina ya DUCE na MUCE, vilianzishwa mwaka 2005 kwa kazi hiyo hasa, na kwa watu wa kusini ipo Stella Maris pale Mtwara. Ya nne ni ya mtu aliyesomea fani nyingine, tuseme hisabati au kilimo, kisha akaongeza stashahada ya uzamili katika elimu. Ya tano ni ya mwalimu aliye kazini anayejiendeleza, mwenye cheti akitafuta stashahada na mwenye stashahada akitafuta shahada. Wengi wa hawa wamepitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992 na kuanza kufundisha 1994.

Njia hizi zote ni halali. Mwenye stashahada anaweza kufika chuo kikuu, na aliyeanza na cheti miaka ya nyuma anaweza kuwa mkufunzi wa wengine. Mzazi asikubali kuambiwa kwamba mtoto aliyekwenda chuo cha ualimu amekwama. Vilevile asikubali kupokea fomu ya chuo kabla hajahakikisha kwamba chuo hicho kimesajiliwa, kwamba programu anayoahidiwa inatambuliwa, na kwamba ufaulu wa mtoto unatosha. Kwa kidato cha nne kinachotakiwa ni daraja la I hadi la III. Anayesema daraja la IV "litapitishwa" anatafuta fedha ya korosho tu.

Sasa tuangalie nchi ilivyopita katika njia za mkato, kwa sababu historia hiyo inatufundisha kuliko hotuba.

Novemba 1974, kikao cha TANU pale Musoma kiliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi katika shule ya msingi. Uamuzi ulikuwa mkubwa na walimu hawakuwapo. Vyuo vyote vingejaa bado visingetosha. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka katika shule za vijijini, ikawafundisha kazi wakiwa kazini kwa miaka 3. Sehemu ya siku walifundisha, sehemu nyingine walisoma masomo kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio, huku wakitembelewa na waratibu. Mwishoni walikusanywa chuoni kwa wiki chache na kufanya mtihani. Waliandikishwa zaidi ya 45,000, na takribani 38,000 wakafika mwisho wa mafunzo.

Walimu hao tuliwaita walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na wako waliolitumia jina hilo kwa dharau. Dharau hiyo haikuwa ya haki. Elimu yao ya kuingilia ilikuwa ndogo, na katika masomo kama sayansi au Kiingereza upungufu huo ulionekana. Lakini siku ya kwanza walipoachwa peke yao na darasa, tayari walikuwa wamekaa na watoto miaka 3. Wengi walipanda baadaye kupitia mafunzo ya ualimu kazini, wakatoka Daraja C na B hadi Daraja A, na wako waliokuwa walimu wakuu. Vijiji vingi vya nchi hii vilijifunza kusoma na kuandika kwao. Kasoro ya mpango ule ilikuwa uhaba wa maarifa ya somo. Nguvu yake ilikuwa darasa.

Miaka ya 2000 tulirudi kwenye haraka ileile. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza 2002 na ada ya shule ya msingi kufutwa, madarasa yalifurika. Mafunzo ya Daraja A yakabadilishwa, mwanachuo akakaa mwaka mmoja chuoni na mwaka wa pili akafundisha shuleni. Kwa karatasi mpango ulikuwa mzuri, maana mwaka mzima wa darasa ni jambo kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba mwaka wa pili ulihitaji msimamizi, na shule zilizopokea wanachuo hao zilikuwa na upungufu mkubwa wa walimu. Mtu aliyepelekwa kujifunza akakabidhiwa darasa kama mwajiriwa. Baadaye utaratibu wa miaka 2 ya chuo ukarudi.

Kisha zikaja shule za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004, na ndani ya miaka michache sekondari ziliota karibu kila kata. Majengo yalikwenda mbele, walimu wakabaki nyuma. Ndipo wakachukuliwa wahitimu wa kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha. Wananchi wakawapachika jina la huduma ya haraka ya kuongeza salio la simu, Voda Fasta. Vijana wale hawakuwa na kosa. Wengi walijituma, na wengine walikwenda kusoma baadaye wakawa walimu kamili. Kosa lilikuwa kumpa kijana chaki kabla hajawahi kufundisha hata kipindi kimoja mbele ya mtu wa kumwambia hapa umekosea. Aliyelipa gharama ni mtoto wa shule ya kata, na shule za kata ndizo shule za watoto wa Kitangari.

Mfano wa nne ni wa Dodoma. Ili kuziba pengo la walimu wa sayansi na hisabati, Chuo Kikuu cha Dodoma kilipokea wahitimu wa kidato cha nne kwa stashahada maalumu ya ualimu. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa programu hiyo waliondolewa chuoni masomo yakiwa yamesimama. Baadaye waliokuwa na sifa walipangiwa vyuo vya ualimu wakaendelea, na wengine wakaambiwa watafute njia nyingine. Hapa somo ni jepesi kulielewa: usifungue njia kama hujaandaa wa kufundisha, mahali pa kufundishia na namna ya kuifikisha mwisho.

Tukiziweka hizi nne pamoja tunaona kwamba urefu wa jina la tuzo haukuwa kigezo cha nani alitoka mwalimu. Kilichotofautisha ni kama mtu alipata maarifa ya somo na pia akafundisha chini ya macho ya anayejua. Penye kimoja tu, mafunzo yalichechemea. Palipokosekana vyote viwili, tulipata majina ya utani na watoto wasiojua kusoma.

Tunaposema kufundisha chini ya macho ya anayejua tuna maana gani? Tuingie darasani.

Mwanachuo yuko kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la pili, kipindi cha hisabati cha dakika 30. Andalio lake la somo ni safi: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho. Zana zake ziko mezani, mafungu ya korosho, kila fungu korosho kumi, na nyingine moja moja. Anaandika ubaoni 42 kutoa 17. Watoto wanaandika. Anapita kati ya madawati na kuona karibu nusu wameandika 35. Anaweka alama ya kosa kwenye kila daftari, anarudi ubaoni na kufanya swali mwenyewe, anapata 25, anawaambia watoto wote wanakili. Kengele inalia. Kwenye andalio, sehemu ya tathmini, anaandika kwamba somo limeeleweka.

Aliyekaa nyuma ya darasa akiwa mwalimu wa kweli, hapo ndipo kazi yake inapoanzia. Atamwambia mwanachuo kwamba 35 ile haikuja kwa bahati mbaya. Mtoto aliona 2 haiwezi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7 akapata 5, kisha 4 kutoa 1 akapata 3. Ana kanuni kichwani, ila kanuni yenyewe ni mbovu, na alama ya kosa haitaitoa. Ilipasa kumwuliza mtoto, "Umepataje?", kisha kumpa mafungu yale ya korosho alivunje fungu moja la kumi kwa mikono yake, aone mamoja 2 yakiwa 12. Zana zilikuwa mezani kipindi kizima na hazikuguswa na mtoto hata mmoja. Kesho yake mwanachuo anarudia somo, msimamizi akiwa amekaa palepale nyuma.

Mazungumzo ya namna hiyo, ya robo saa chini ya mwembe baada ya kipindi, ndiyo yanayomtoa mtu kwenye kukariri mbinu na kumfanya mwalimu. Hayapatikani kwa hotuba ya ukumbini. Hayapatikani pia pale mkufunzi anapofika kwa bodaboda, akaangalia dakika kumi, akasaini fomu na kuwahi shule nyingine kwa sababu posho ya usimamizi imetolewa ya siku chache na shule ziko mbali. Tunazungumzia jambo linalojulikana na kila aliyewahi kupita chuo cha ualimu. Mazoezi ya kufundisha yamekuwa sehemu ya kwanza kukatwa fedha zikipungua, ilhali ndiyo ilipaswa kuwa ya mwisho.

Kwa msingi huo tunaunga mkono uamuzi wa kuondoka kwenye cheti na kwenda stashahada. Mtoto wa darasa la kwanza anahitaji mwalimu aliyesoma sana kuliko wa darasa lolote, kwa kuwa kosa la kusoma na kuhesabu lililopandwa pale humfuata mpaka mtihani wa mwisho. Lakini mwaka wa tatu ulioongezwa usigeuzwe kuwa mihadhara mingine. Sehemu kubwa ya mwaka huo iwe darasani, katika shule zilizochaguliwa, kwa walimu wenyeji waliofundishwa namna ya kulea mwalimu mchanga na wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mwaka usipotumika hivyo, tutakuwa tumemwongezea mzazi gharama bila kumwongezea mtoto mwalimu.

Jirani zetu wanatuonyesha pa kuangalia. Kenya iliacha cheti cha P1 na kuanza kudahili wa stashahada ya shule ya msingi mwaka 2021. Uganda, katika Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019, ilikwenda mbali zaidi na kutaka kila mwalimu awe na shahada, wakati walimu wake wengi wa msingi wana cheti cha Grade III. Kelele zilizofuata ni za kawaida na za haki: nani atalipia masomo ya mwalimu ambaye tayari anafundisha, mshahara mdogo, watoto watano nyumbani? Anayepandisha kiwango ana wajibu wa kuweka ngazi ya kukipandia. Tanzania isingoje kelele hizo zifike kwetu.

Na hapa ndipo Kitangari inapoingia. Chuo chetu cha ualimu ni miongoni mwa vyuo vinne vilivyojengwa upya na kukarabatiwa kwa mradi wa elimu ya ualimu uliofadhiliwa na Kanada, pamoja na Ndala, Mpuguso na Shinyanga. Majengo tunayo. Swali ni yatatumika kwa nani. Tunasema yatumike kwa vijana wapya, na kwa nguvu ileile yatumike kwa mamia ya walimu wa Daraja A wanaofundisha Newala, Tandahimba na Masasi, ambao sera mpya imewaacha na cheti ambacho si ngazi ya kuanzia tena. Wakati wa likizo mabweni huwa matupu. Mwalimu wa kijiji aweze kuja likizo ya Juni na ya Desemba, asome, arudi darasani kwake, na kazi anayofanya darasani ihesabike kuwa sehemu ya masomo yake. Kinachotakiwa ni uamuzi wa wizara, ratiba ya wakufunzi na fedha ya chakula.

Serikali imeanzisha MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu wa shule moja au kata moja hukutana na kujadili ufundishaji kwa moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania. Mkoa wa Mtwara pia ulipata miaka ya mafunzo ya kufundisha kusoma na kuandika kupitia Tusome Pamoja. Hivi vyote ni vizuri. Ila mwalimu anayehudhuria MEWAKA kwa miaka mitano hana kitu cha kuonyesha kinachompunguzia hata muhula mmoja wa stashahada. Mafunzo hayo yapimwe na yahesabike. Mwalimu akijua kwamba kila kikao kinamsogeza kwenye tuzo, hatahitaji kusukumwa kuhudhuria.

Liko jambo jingine ambalo ramani za Dodoma haziwezi kulionyesha. Tangu misheni ya Kianglikana ya UMCA ilipofika Masasi 1876, nchi hii ya kati ya Masasi na mto Ruvuma imezoea mwalimu anayetoka mbali. Wa mwanzo walisomeshwa Kiungani, Unguja, na mmoja wao, Cecil Majaliwa, akapewa upadri 1890 na kuhudumu huku. Tunawashukuru wote waliokuja na waliobaki. Lakini tunajua pia wangapi huripoti na kabla ya mwaka wa pili wanatafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Wanazo sababu: nyumba hakuna, maji ya uwanda wa juu ni ya taabu, ndugu wako mbali. Kijana wa Nanguruwe au Mkoma aliyesomea ualimu Kitangari ana sababu nyingi zaidi za kubaki.

Tena ana kitu ambacho hakifundishwi kwa urahisi. Mtoto wa kijijini anayeanza awali anakuja na Kimakonde, na upande wa Masasi anakuja na Kimakua, Kiyao au Kimwera. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili na iendelee kuwa hivyo. Hata hivyo mwalimu anayeelewa mtoto amesema nini wiki ya kwanza humpokea vizuri na kumvusha haraka kwenda Kiswahili. Kwa hiyo kuwapata walimu wazawa ni njia ya kuboresha ufundishaji, mbali na kuwa njia ya kupunguza uhamisho.

Kinachowazuia vijana hao ni fedha na umbali. Kuhusu fedha, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imefungua mikopo kwa baadhi ya programu za stashahada, na baadhi ya mafunzo ya ualimu yamo katika orodha ya vipaumbele. Habari hiyo haijafika kila kijiji, na anayeisikia mara nyingi hana namba ya NIDA wala mahali pa kujazia fomu mtandaoni. Halmashauri ziweke mtu mmoja katika kila tarafa wa kusaidia kazi hiyo miezi ya maombi. Na ada ya chuo ilipwe kwa awamu zinazofuata minada ya korosho ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU, kwa sababu nyumba za huku zina fedha Novemba na hazina Aprili. Mwanachuo asirudishwe nyumbani kwa deni la miezi ambayo kila mtu anajua korosho haipo.

Kuhusu umbali, tutoe mfano mmoja tu. Mwalimu wa Newala anayetaka kusomea elimu maalumu, ili amfundishe mtoto asiyeona au asiyesikia, chuo anachokijua ni Patandi, Arusha. Hiyo ni safari ya kuvuka nchi nzima kutoka kusini hadi kaskazini. Mama mwenye watoto wadogo hawezi, na mtoto mwenye ulemavu wa huku anaendelea kukaa nyumbani. Kozi hiyo ifunguliwe kusini, na Kitangari ipewe nafasi ya kwanza.

Hatuwezi kuzungumzia njia za kuwa mwalimu tukanyamaza kuhusu mwisho wa njia. Mapema mwaka 2025 Sekretarieti ya Ajira ilifanya usaili wa walimu. Walioomba walikuwa zaidi ya 200,000 na nafasi hazikufika 15,000. Wahitimu waliokaa miaka mtaani waliungana katika NETO, umoja wa walimu wasio na ajira, wakahoji kwa nini mtu aliyefaulu mitihani ya Taifa na mazoezi ya kufundisha apimwe tena kwa karatasi. Upande wa pili wa jambo hilo ni shule zetu, ambako mwalimu mmoja anabeba madarasa mawili, na kamati ya shule inachangishana kumlipa kijana anayejitolea. Nchi yenye walimu wengi wasio na kazi na watoto wengi wasio na walimu ina tatizo la bajeti, na usaili hauwezi kulitatua.

Usaili tunaukubali iwapo utapima ualimu. Mtu aingie darasani, afundishe kipindi, aangaliwe. Na muda wa kujitolea uhesabike. Kijana aliyefundisha darasa la tatu kijijini kwa miaka 2, kwa shukrani na debe la mihogo, akiwa na barua ya mwalimu mkuu na ya afisa elimu kata, asiwekwe mstari mmoja na ambaye hajashika chaki tangu ahitimu. Ametimiza kile kipimo tunachokisema, tena bila mshahara.

Akishaajiriwa, asiachwe. Mkulima wa korosho hapandi mche akauaga. Anapalilia, anapogoa, anapuliza salfa kwa wakati wake, na miaka ya mwanzo ndiyo anayoiangalia sana. Mwalimu mpya naye ana mwaka wa majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini. Mwaka huo umegeuka kuwa wa kusubiri barua. Uwe mwaka wa kulelewa: vipindi vipunguzwe kidogo, apewe mwalimu mzoefu wa kumwangalia, na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, itake taarifa ya ufundishaji wake kabla ya kumthibitisha. Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, ambayo sheria yake ilipitishwa 2018, ikisimama sawasawa iweke jambo hilo kuwa sharti kwa mwalimu wa Serikali na wa shule binafsi, wa stashahada na wa shahada.

Kwa wizara na TAMISEMI, madai yetu yanahesabika. Mwaka wa tatu wa stashahada uwe wa darasani, na fedha ya usimamizi ilindwe isikatwe. Walimu wa Daraja A wapewe njia ya likizo katika vyuo vilivyo karibu nao, na MEWAKA ihesabike ndani yake. Elimu maalumu ifundishwe kusini. Wanaojitolea watambuliwe katika ajira. Na isifunguliwe tena njia ya wiki chache, hata upungufu ukiwa mkubwa kiasi gani, maana tulishalipa gharama yake.

Kwa walimu wakuu wa shule za Kitangari na jirani: mwanachuo akiletwa kwenu msimpe darasa lisilo na mwalimu mkaenda kupumzika. Kaeni nyuma, sikilizeni, mwiteni baada ya kipindi.

Na kwa kijana aliyeshika matokeo yake leo: chagua njia ambayo ufaulu wako na mfuko wa nyumbani unaimudu, na usimwonee aibu aliyepita njia fupi wala usimwogope aliyepita ndefu. Ukifika chuoni, uliza swali moja mapema: nitafundisha wiki ngapi, na nani atakaa nyuma ya darasa langu? Chuo kinachokujibu swali hilo bila kusita ndicho cha kukaa. Kisichokujibu, kidai mpaka kikujibu, maana ni haki yako na ya watoto utakaowafundisha.